Beni-Butembo: Maternele haikuanzia kwa watoto wa matajiri

Kila mwezi wa 9, masomo yanapoanza tena, wazazi wengi wa Butembo na Beni wanafanya hesabu ileile. Mtoto wa miaka 6 ataingia shule ya msingi, na tangu mwaka wa 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure. Lakini mdogo wake wa miaka 4 atabaki nyumbani, kwa maana ubure huo haugusi maternele. Mzazi anayetaka mtoto wa umri huo asome anatoa minervali kwa mfuko wake, ananunua uniforme, na mara nyingi anaombwa kitu kingine juu yake.

Kwa familia iliyokimbia Eringeti, Mbau ao Kanyabayonga, na ambayo sasa inakodi chumba kimoja ao inalala kwa ndugu, hesabu hiyo inaisha haraka. Ndiyo sababu watu wengi wamezoea kusema kwamba maternele ni mambo ya matajiri: viatu vyeusi, soksi nyeupe, na sherehe ya picha mwisho wa mwaka.

Historia inasema vingine. Moja ya shule za kwanza kabisa za watoto wadogo huko Ulaya ilizaliwa katika bonde maskini, ambalo vita ilikuwa imeliharibu. Aliyeisimamia alikuwa mchungaji wa Kilutheri, na aliyeshika darasa alikuwa binti wa kijiji. Inafaa wazazi na viongozi wa shule wa hapa wajue habari hiyo, kwa sababu inagusa maisha yao ya leo.

Bonde la mawe na baridi

Mwaka wa 1767, mchungaji Johann Friedrich Oberlin, mzaliwa wa Strasbourg, alitumwa katika parokia ya Waldersbach, kwenye milima ya Vosges, upande ambao leo ni mashariki mwa Ufaransa. Alikuwa na miaka 26. Eneo hilo liliitwa Ban de la Roche. Vita ya Miaka 30, iliyopiganwa kati ya 1618 na 1648, ilikuwa imemaliza watu wengi wa pale, na wale waliokuja kujaza vijiji walikuta udongo mwembamba na majira ya baridi yasiyoisha. Walikula viazi, walichunga ng'ombe wachache, na barabara ya kufika mjini ilikuwa mbaya sana. Kiisha, mchungaji Oberlin mwenyewe alitoka na wakaaji, wakavunja mawe pamoja na kutengeneza njia na daraja.

Katika maisha kama hayo, baba na mama walitoka asubuhi kwenda shambani. Watoto wakubwa walifuata mifugo. Wale wadogo walibaki peke yao, karibu na moto, ao wakizunguka njiani. Mkaaji wa Butembo anayeona mama akitoka saa kumi na moja asubuhi na kitunga kichwani, akiacha mtoto wa miaka 4 achunge wa miaka 2, anaijua picha hiyo bila kuelezwa.

Katika kijiji cha Belmont, msichana mmoja aliyeitwa Sara Banzet alikuwa ameanza kukusanya watoto nyumbani kwao ili kuwafundisha kufuma kwa nyuzi. Oberlin alipopata habari, hakufungua shule nyingine ya kushindana naye. Alienda kuomba Sara aendelee na kazi ileile, lakini alipwe. Baba yake Sara hakupenda mwanzoni, kisha akakubali. Ilikuwa karibu mwaka wa 1770. Sara alikufa mapema, mwaka wa 1774, akiwa kijana bado, lakini kazi ilikuwa imekwisha kuenea katika vijiji vya jirani.

Siku moja katika chumba chenye jiko

Madarasa hayo yaliitwa kwa Kifaransa « poêles à tricoter », ni kusema vyumba vyenye jiko la moto ambamo watu wanafuma. Hakukuwa jengo la shule. Kilikuwa chumba cha nyumba ya mtu, kile chenye moto.

Wanawake wawili walishika darasa. Mmoja alisimamia kazi ya mikono, mwingine aliongoza mazungumuzo na michezo. Wakubwa kidogo walifuma, na wale wadogo kabisa walicheza pembeni mwa wenzao. Mikono ikifanya kazi, masikio yalisikiliza: hadithi za Biblia, nyimbo, majina ya wanyama na ya majani. Walionyeshwa picha zilizopakwa rangi, na ramani. Siku za jua walitoka kutafuta maua na majani, kisha wakarudi kuyataja mmoja mmoja.

Kulikuwa pia swali la lugha. Nyumbani watoto wa Ban de la Roche walisema lugha yao ya mlimani, ambayo mtu wa mjini hakuisikia. Kifaransa kilikuwa lugha ya vitabu na ya kazi. Waongozi wale walikuwa wana wa kijiji. Walianza na neno ambalo mtoto alilijua, kisha wakampa lile la Kifaransa. Mtoto hakukutana na lugha mpya akiwa mbele ya mtu asiyemjua.

Mwanamke aliyejulikana zaidi katika kazi hiyo ni Louise Scheppler, wa kijiji cha Bellefosse. Aliingia kazini nyumbani kwa Oberlin akiwa msichana wa miaka 15. Mke wa mchungaji alipokufa mwaka wa 1783, Louise alibaki kulea watoto wa nyumba hiyo na kusimamia madarasa ya vijiji. Mwaka wa 1829 Akademia ya Ufaransa huko Paris ilimpa zawadi kubwa ya heshima kwa kazi hiyo. Lakini miaka mingi kabla ya hapo yeye mwenyewe alikuwa ameomba asipewe tena mshahara, ahesabiwe tu kama mtoto wa nyumba. Jambo hilo linasifiwa sana. Linaonyesha pia ugonjwa ambao shule hizi zimebeba tangu kuzaliwa: zimezoea kusimama juu ya mgongo wa mwanamke asiyelipwa.

Mchezo unapigwa marufuku

Mwalimu mwingine aliyegeuza historia hii alikuwa mwana wa mchungaji wa Kilutheri pia, safari hii Ujerumani. Friedrich Fröbel alizaliwa mwaka wa 1782 huko Oberweißbach. Mama yake alikufa yeye akiwa mtoto wa miezi 9, na utoto wake ulikuwa wa upweke. Mwaka wa 1837 alianzisha katika mji wa Bad Blankenburg nyumba ya michezo ya watoto, na mwaka wa 1840 akaipa jina « Kindergarten », maana yake bustani ya watoto.

Fröbel alisema kwamba kwa mtoto mdogo, mchezo ndiyo kazi yenyewe. Alitengeneza vitu vya kushika: mipira ya nyuzi yenye rangi, vipande vya mti vya pembe nne, fimbo ndogo, karatasi za kukunja. Mtoto anayepanga vipande 8 vya mti na kuvigawa mara mbili amekwisha kuanza hesabu, hata kama hajui kuandika namba.

Serikali ya Prussia iliogopa. Tarehe 7 mwezi wa 8, 1851, ilizifunga shule hizo, ikisema zinaleta mafundisho ya kukana Mungu na ya kisoshalisti. Ilikuwa imemchanganya Fröbel na mwana wa ndugu yake aliyeandika mambo ya siasa. Fröbel alikufa mwaka uliofuata, na marufuku hayo yaliondolewa mwaka wa 1860. Wakati huo wanafunzi wake, wengi wao wanawake, walikuwa wameibeba mbegu na kuipeleka nchi zingine.

Ufaransa nayo ilifuata njia yake. Katika miaka ya 1820 nyumba za kuchunga watoto wa wafanyakazi zilifunguliwa Paris, na mwaka wa 1881 serikali ilizipa jina « école maternelle ». Ubelgiji ilisema « école gardienne ». Majina hayo mawili ndiyo yaliyofika Kongo.

Namna ilivyofika Kongo

Wakati wa ukoloni, shule zilikuwa mikononi mwa misheni. Eneo la Beni na Lubero lilipata mapadri Waasumpsio tangu mwaka wa 1929, na Wabatisti walijenga Katwa, karibu na Butembo. Kazi kubwa ilikuwa katekisimu, shule ya msingi na hospitali. Shule za watoto wadogo zilikuwa chache katika koloni, zaidi sana mijini na katika kambi za makampuni makubwa, kama zile za Union Minière huko Katanga. Ndivyo sura ya utajiri ilivyoanza kushikamana na maternele: iliyokuwa ya maskini huko Vosges, hapa ikaonekana ya mtu wa mjini.

Baada ya uhuru, serikali ya Mobutu ilinyang'anya makanisa shule mwaka wa 1974, kisha ikarudisha usimamizi kwa mapatano ya tarehe 26 mwezi wa 2, 1977. Kutoka hapo kuna shule za Kikatoliki, za Kiprotestanti na za Kikimbangu zenye mapatano na serikali. Zile za Kiprotestanti, za Walutheri ndani yake, ziko chini ya Kanisa la Kristo Kongo. Sheria ya masomo ya 1986, na ile ya 2014 iliyoichukulia nafasi, zinatambua maternele kama daraja la masomo la miaka 3, kwa watoto wa miaka 3 hadi 5.

Kwenye karatasi, basi, maternele ni sehemu ya masomo ya taifa. Mfukoni ni vingine. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wakati mishahara ya serikali ilipokufa, wazazi ndio walioanza kulipa prime ya walimu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinaahidi masomo ya msingi ya bure na ya lazima. Ahadi hiyo ilipoanza kutimizwa mwaka wa 2019, maternele ilibaki nje ya mlango.

Vita, Ebola, na darasa la shitingi

Tangu mwezi wa 10, 2014, mauaji katika eneo la Beni yamefukuza watu vijijini mara nyingi. Mwezi wa 6, 2024, Kanyabayonga ilianguka, na watu wa kusini mwa Lubero nao wakachukua njia ya kaskazini. Mara nyingi wahami wanapofika, nyumba ya kwanza kufunguliwa ni darasa. Familia zinalala mahali ambapo watoto walikuwa wakisoma.

Kati ya hapo ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 mwezi wa 8, 2018 kutoka Mangina, uliua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kwamba umeisha, tarehe 25 mwezi wa 6, 2020. Ndoo za maji ya klore ziliwekwa kwenye milango ya shule, na watoto wadogo wakajifunza kunyoosha paji la uso wapimwe joto kabla ya kujifunza kuandika majina yao. Mwezi wa 3, 2020, shule zote zikafungwa kwa ajili ya korona.

Mtoto aliyezaliwa Oicha mwaka wa 2014 amepita katika mauaji, Ebola na korona kabla ya kumaliza miaka 7. Kwa mtoto wa namna hiyo, saa tatu za kila asubuhi zenye mpango uleule si anasa. Anafika, ananawa mikono, anaimba, anaketi mahali pake, anasikia jina lake likiitwa. Anajua kwamba baada ya hadithi kuna uji wa sosoma, na baada ya uji kuna mchezo. Mtoto aliyeamshwa usiku na risasi anahitaji kujua kitakachofuata.

Vifaa navyo haviagizwi mbali. Vifuniko vya chupa vinahesabika. Udongo wa mfinyanzi unatengeneza ng'ombe na nyumba. Mpira wa majani ya ndizi unarushwa vizuri, na mabua ya mahindi yanakatwa vipande virefu na vifupi vya kupanga. Fröbel angevikubali vyote. Kuhusu lugha, mtoto wa Butembo anasema Kinande na mama, anasikia Kiswahili sokoni, na Kifaransa kinamngojea shuleni. Mwalimu anayeanza na Kinande ao Kiswahili, kisha akaongeza Kifaransa pole pole, anafanya kama wale wanawake wa Ban de la Roche. Mzazi asione kwamba ni uvivu. Vilevile daftari isiyojaa maandishi haimaanishi kwamba mtoto wa miaka 4 hajasoma siku hiyo.

Nani atamlipa mama wa darasa?

Chumba kinapatikana: kanisa katikati ya juma, ukumbi wa mtaa, ao hema la shitingi. Nyimbo ziko, udongo uko. Kinachokosekana ni mshahara wa watu wawili. Mara nyingi mama anayeshika watoto wa wahami anapata kitu kidogo wakati mradi fulani uko, na mradi ukiisha, anaendelea mwezi mmoja ao miwili kwa moyo, kisha anarudi shambani. Watoto wanatawanyika, na mwaka unaofuata wanaingia darasa la kwanza bila kuwahi kushika kalamu.

Oberlin alipomkuta Sara Banzet akifundisha bure, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumpa mshahara. Makanisa ya Butembo na Beni, makomite ya wazazi, viongozi wa mitaa na mashirika yanayohudumia wahami wanaweza kuanza hapohapo: wawatafute akina mama ambao tayari wanakusanya watoto kwenye ua zao, wawape mafunzo, na wapatane tangu mwanzo nani atawalipa mradi ukiisha.