Kimeng'enya Hakichochei

Waliolitawaza neno “kichocheo” kuwa jina la kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kuisha, hawakupita jikoni kwanza. Kuchochea ni kusukuma kuni mekoni ili moto uzidi. Kimeng'enya, ambacho ndicho kitu cha namna hiyo katika viumbe hai, hakiongezi joto lolote. Kinashusha kizingiti cha nishati ambacho mmenyuko hauna budi kukivuka. Tena homoni nazo zimeitwa vichocheo, na “uchochezi” una kesi zake mahakamani.

Neno linalofaa ni kilegezo. Mkemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, alipobuni “katalisisi” mwaka 1835, alichota kitenzi cha Kigiriki lyein, yaani kufungua, kulegeza. Mzizi huohuo umo katika lisozimu, kimeng'enya cha machozi, mate na ute wa yai alichokitangaza Alexander Fleming mwaka 1922, ambacho hukata minyororo ya sukari katika kuta za bakteria. Hata jina la diastasi, kimeng'enya ambacho Payen na Persoz walikipata kwenye kimea cha shayiri mwaka 1833, limetokana na neno la utengano. Kuni hazimo popote.

Kemia nayo inashuhudia. David Phillips na wenzake walipolichora umbo la lisozimu jijini London mwaka 1965, walikuta mfereji ambamo mnyororo wa sukari hulala kati ya asidi amino mbili. Ya kwanza, glutamati iliyo nafasi ya 35, huipa protoni oksijeni inayounganisha sukari mbili, na kifungo kinalegea. Ya pili, aspartati iliyo nafasi ya 52, huikamata kaboni ya sukari kwa muda, kama Daniel Koshland alivyokuwa amependekeza kwa vimeng'enya vya namna hii mwaka 1953. Kisha maji huingia, sukari inaachiwa, na kimeng'enya kinarudi kilivyokuwa. Bila msaada wa namna hii, nusu ya vifungo vya selulosi, ambayo nayo ni mnyororo wa sukari, vilivyo majini katika joto la kawaida, ingehitaji takriban miaka milioni 5 kukatika.

Wajumbe wa kamati fulani wamesema kulegeza kunanuka uvivu. Inaelekea hawajawahi kufungua nati iliyoshika kutu.

Wengine huuliza: je, vimeng'enya vinavyojenga? Navyo hulegeza vifungo vya zamani kabla ya kufunga vipya.

Kwa matumizi: kilegezo, vilegezo, ulegezaji, kimeng'enya kibaki kwa vilegezo vya viumbe hai. Mwandishi wa makala haya ataendelea kuandika hivyo, na wahariri wanaorudisha “kichocheo” kimyakimya wajue kwamba rasimu za awali zimehifadhiwa.