Nani Anagawa Kumbukumbu Kabla Mgawaji Hajaamka?

Leo nawaandikia nikiwa Kyumbi, pale Makutano, barabara ya Machakos inapoachana na ile ya Mombasa. Mezani nina kompyuta kuukuu ya biti 32 yenye kumbukumbu ya megabaiti 512, mali ya shule moja ya huku. Imenitesa siku mbili, na kisa chake hakieleweki bila historia kidogo. Vumilieni.

Kerneli ya Linux ina mgawaji wa kumbukumbu. Programu ikitaka nafasi, inamwomba yeye. Lakini naye anahitaji nafasi ya kuweka madaftari yake kabla hajaanza kazi. Ni kuku na yai: nani atamgawia mgawaji?

Linus Torvalds alipotoa Linux mwaka 1991 mambo yalikuwa mepesi. Katika kerneli zile za awali, sehemu iliyoamka ilipewa anwani ya mwanzo wa nafasi iliyo wazi, ikajikatia kipande chake, kisha ikarudisha anwani iliyosogezwa mbele. Kama sinia la pilau linalopitishwa mezani, ukijichotea kupita kiasi hakuna wa kukuuliza.

Mwaka 1999 Ingo Molnar alileta bootmem, mgawaji wa muda. Huyu aligawa kumbukumbu kwa kurasa, za baiti 4,096 kwenye kompyuta zetu za kawaida, na kila ukurasa akauwekea biti moja: 0 uko wazi, 1 umechukuliwa. Piga hesabu: gigabaiti moja ni kurasa 262,144, kwa hiyo ramani nzima ni kilobaiti 32 tu. Kasoro yake ni kwamba ramani hiyo nayo ilihitaji mahali pa kukaa. Kuku yuleyule!

Wale wa mashine za PowerPC walikuwa na njia nyingine: orodha mbili fupi, moja ya kumbukumbu iliyopo, nyingine ya iliyokwisha kuhifadhiwa. Orodha zinaanza na nafasi 128 kila moja, nazo zimo ndani ya kerneli yenyewe, kwa hiyo haziombi ruhusa kwa mtu. Mwaka 2010 mfumo huo ukapewa jina la memblock. Kuhama kulichukua miaka. Bootmem iliondolewa kabisa na Mike Rapoport katika kerneli 4.20, Desemba 2018.

Sasa turudi mezani. Nilikuwa najaribu kiraka changu mwenyewe kilichobadilisha mpangilio wa hatua hizi za mwanzo. Kwenye laptopu yangu ya gigabaiti 8, safi kabisa. Kwenye hii ya shule, kerneli iliamka, ikaandika kidogo, kisha ikakwama ikisema haioni diski ya kuanzia. Mimi nikafungua kasha, nikabadilisha waya wa diski, nikapuliza vumbi. Wapi!

Diski haikuwa na kosa. GRUB, programu inayoipakia kerneli, huweka pia kwenye kumbukumbu furushi la mafaili ya kuanzia, initrd. Kiraka changu kiligawa nafasi kabla ya kulihifadhi furushi hilo. Memblock hapa hugawa kuanzia juu kushuka chini. Kwenye laptopu, juu ni karibu na gigabaiti 8, mbali na furushi. Kwenye megabaiti 512, juu ndipo furushi lilipokaa, na kerneli ikaandika juu yake. Niliyaona haya baada ya kuunganisha waya wa siriali na kuwasha kwa memblock=debug, ambayo inachapisha kila kipande kinachohifadhiwa.

Zamani kujaribu kitu kama hiki kulimaanisha kuzima na kuwasha, kuzima na kuwasha. Tangu kerneli 5.18 ya mwaka 2022 kuna majaribio kwenye tools/testing/memblock: unajenga kwa make, memblock inakimbia kama programu ya kawaida, umeme ukipotea hujapoteza mengi. Lakini hayaijui GRUB wala initrd. Kosa langu yangelipitisha huku yakitabasamu.

Kwa hiyo sasa, kabla ya kumtumia mtu kiraka, nakiwasha kwenye QEMU kwa -m 512, halafu -m 256, kwa biti 32 na 64. Nimerudisha ile hatua ya kuhifadhi furushi mahali pake, na kompyuta ya shule imewaka. Jumatatu naipeleka, na waya wake wa diski wa zamani.