Zaatari ya Mwitu na Majina Yake: Kutoka Yemen hata Ufipa

Katika kamusi zetu mimea hupewa nafasi ndogo, na maelezo yake mara nyingi huishia katika maneno "aina ya mmea". Historia ya mmea ulioitwa zaatari ya mwitu yaonyesha hasara ya desturi hiyo.

Mwaka 1753 Linnaeus aliiandika jenasi ya zaatari kwa jina la Thymus. Miaka 10 baadaye mwanafunzi wake, Peter Forsskål, alifariki Yemen akiwa katika msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark. Carsten Niebuhr, ambaye katika wataalamu wa msafara ule ni yeye pekee aliyerudi hai, alichapisha maandishi ya marehemu mwaka 1775. Humo mna mmea mdogo wenye harufu uitwao Thymus imbricatus. Mwaka 1829 Bentham alianzisha jenasi ya Micromeria. Mwishoni mwa karne ya 19 Briquet akaiingiza ndani ya Satureja. Na mwaka 1922 Christensen akalirejesha neno la Forsskål, mmea ukawa Micromeria imbricata. Mmea wenyewe haukubadilika hata jani moja.

Mmea huo umeenea toka Arabuni, kwa njia ya milima ya Afrika ya Mashariki, hata Afrika ya Kusini. Thymus zilizo halisi hazikushuka hivyo: Thymus schimperi na Thymus serrulatus ni mimea ya nyanda za juu za Uhabeshi, na kwa Kiamhari huitwa tosign. Basi atakayedai kwamba zaatari halisi huota porini Tanzania atakuwa amefuata jina la mwaka 1775, hakufuata mmea.

Jambo la pili ni mahali. Kitabu kikuu cha mimea ya Afrika ya Mashariki, kilichoanza kutolewa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, kiliigawa nchi kwa herufi na tarakimu. Ufipa imo katika T4, pamoja na Tabora na Kigoma. Lakini Ufipa ni nchi mbili. Sumbawanga ipo juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, penye baridi na nyasi fupi. Milepa ipo chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, katika bonde la Rukwa lenye joto, ambalo ziwa lake li karibu mita 800. Mmea wa milimani hautazamiwi kuota Milepa, wala wa Milepa kuota Mbizi. Kielelezo kikavu kilichoandikwa "Ufipa" tu hakimwambii msomaji ni ipi kati ya nchi hizo mbili. Ndiyo sababu vielelezo vya Mary Richards, aliyekusanya mimea kutoka Abercorn (sasa Mbala) hata Ufipa katika miaka ya 1950 na 1960, vina thamani pale vinapotaja kijiji, kimo na aina ya ardhi.

Jambo la tatu ni lugha. P. J. Greenway, aliyefanya kazi Amani, alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili, na chapa ya pili ilitoka mwaka 1940. Ubora wake ni kuliweka kila jina mbele ya mmea wake. Hata hivyo jina la wenyeji lina mipaka yake. Kivumbasi hutajwa kwa Ocimum zaidi ya moja, na zaatari ya Waarabu hukusanya Thymus, Origanum na Satureja. Hilo si kosa la wenyeji: wao hutenga mimea kwa harufu na matumizi, mtaalamu huitenga kwa ua.

Kwa hiyo hapana budi mtunga kamusi aandike mambo matatu pamoja: jina la wenyeji na lugha yake, jina la kitaalamu, na mahali liliposikiwa, Milepa ikitengwa na Sumbawanga. Pasipo hayo, mganga atatafuta dawa asiipate, na mhifadhi atalinda mmea usiokuwapo huku ulio adimu ukitoweka bila jina.