Muziki wa Sebule, Si wa Chumbani

Muziki unaokutanisha fidla na sello za Ulaya na pipa, erhu au sheng za Uchina una watunzi mashuhuri na wapigaji hodari, lakini kwa Kiswahili umebandikwa jina la "muziki wa chumbani wa mchanganyiko". Waliolipitisha jina hili walifungua kamusi, hawakufungua mlango wa nyumba. Chumbani kwa Mswahili ni mahali pa kulala na pa siri za wenye nyumba. Mgeni hafiki huko. Mgeni hukaribishwa sebuleni. Ndiyo maana nashikilia istilahi moja: muziki mseto wa sebule.

Asili ya neno inaniunga mkono. Kigiriki kilikuwa na kamara, yaani paa la tao. Kilatini kikalifanya camera, chumba chenye paa hilo. Waitaliano wakapata musica da camera. Katika karne ya 17 wataalamu wa Ulaya walitenga mitindo mitatu: wa kanisa, wa jukwaa na wa camera. Camera hiyo haikuwa chumba cha kitanda, bali chumba ambamo mtawala aliburudika pamoja na wageni wake. Ushahidi wa Uchina hauendi kinyume. Ni kweli kwamba istilahi yao ya leo, shineiyue, yataja muziki wa ndani ya chumba. Lakini mapokeo yao ya vikundi vidogo, sizhu ya Jiangnan, yaani hariri na mianzi, kwa sababu ya nyuzi za hariri na filimbi za mianzi, yalistawi katika nyumba za chai za Shanghai na maeneo jirani, wapigaji wakiizunguka meza na kila mmoja akiupamba wimbo uleule kwa tabia ya ala yake. Pande zote mbili tunakuta watu wachache wanaosikilizana kwa ukaribu, bila mwongozaji wa kuwapungia kijiti. Hiyo ni sebule.

Wapo wanaopendekeza "chemba" kwa kuwa linasikika kama neno la kigeni. Wamesahau kwamba kuitana chemba ni kuitana pembeni kwa siri, na kwamba mafundi bomba wanalo neno hilo kwa shimo la majitaka. Wengine husema muziki huu siku hizi hupigwa kumbini, hivyo sebule imepitwa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu, lugha za Ulaya nazo zingeitupa camera siku wanamuziki walipohamia kumbini. Hazikuitupa, kwa sababu jina hutaja uhusiano wa wapigaji, si ukubwa wa jengo.

Neno mseto nalo limepingwa kwamba limetokana na kuseta, yaani kuponda. Matumizi yameshavuka hapo: katika serikali ya mseto kila chama hubaki na jina lake. Mchanganyiko hauahidi hivyo. Tazama Ghost Opera ya Tan Dun ya mwaka 1994, iliyotungwa kwa ajili ya Kronos Quartet na mpiga pipa Wu Man. Ndani yake prelude ya Bach hukutana na wimbo wa kienyeji wa Kichina, Xiao Bai Cai, na hakuna unaoumeza mwingine. Ala zenyewe hazikubali kuyeyushwa. Fidla huivuta noti kwa upinde kwa muda mrefu. Noti ya pipa hufifia mara tu baada ya kudonolewa, na mpigaji huirefusha kwa kuviringisha vidole mfululizo. Mtunzi stadi huitumia tofauti hiyo, haifichi. Kamati isiyosikia tofauti hiyo haina haki ya kuupa muziki huu jina.

Katika ratiba za maonesho iandikwe "muziki mseto wa sebule kwa fidla mbili, viola, sello na pipa ya Kichina", sifa hiyo ya mwisho ikizuia ala isichanganywe na pipa la maji. Kwa wanafunzi na watangazaji, hilo latosha. Kwa wapitishaji wa istilahi, natarajia hoja ijibiwe kwa hoja.