Tendaguru na Mjusi Mrefu Kuliko Wote

Kilima cha Tendaguru kiko kama kilometa 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, katika bonde la mto Mbwemkuru kusini mwa Tanzania. Si kilima kirefu, na msafiri asiyejua habari zake anaweza kupita karibu nacho bila kugeuza shingo. Ardhi inayokizunguka ndiyo iliyotoa mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, ambao wataalamu huwaita dinosaria. Mmoja wao amesimamishwa katika ukumbi wa Makumbusho ya Viumbe Asilia mjini Berlin. Kimo chake ni mita 13.27, na vitabu vya rekodi vinamtaja kuwa ndiye dinosaria mrefu kuliko wote waliosimamishwa katika makumbusho yoyote duniani.

Mifupa hiyo ina umri wa miaka milioni 150 hivi. Wakati huo bahari iliingia zaidi barani kuliko leo, na Tendaguru ilikuwa pwani ya wangwa na maji ya chumvi yaliyotulia, yaliyokingwa na mafungu ya mchanga. Ushahidi uko kwenye mawe yenyewe: matabaka ya udongo mgumu yenye mifupa yanapishana na matabaka ya mchanga yaliyojaa makombe ya baharini. Wanyama waliishi kwenye misitu ya bara na kushuka pwani kwa vipindi. Waliofia huko walifunikwa na tope, bahari ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Matabaka makuu yenye mifupa ni matatu, na kati ya la chini kabisa na la juu kabisa imepita miaka mingi mno.

Mvua na upepo vilifukua baadhi ya mifupa mapema, hivyo vipande vikubwa vilikuwa vimetapakaa juu ya ardhi na wenyeji wa eneo hilo wakipita kati yake. Kwa wasomi wa Ulaya habari ilianza mwaka 1906, Bernhard Wilhelm Sattler, mhandisi wa kampuni ya Kijerumani iliyotafuta madini na vito katika nyanda za Lindi, alipouona mfupa mkubwa mno ukiwa umechomoza ardhini. Mwaka huo haukuwa wa amani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza mwaka 1905, na Wamwera wa Lindi walikuwa miongoni mwa waliopigana. Wajerumani walijibu kwa kuchoma mashamba na maghala ya nafaka, njaa ikafuata. Makadirio ya waliokufa kusini mwa koloni hutofautiana, lakini mengine yanafika watu 300,000. Habari za kuvumbuliwa kwa mijusi ya Tendaguru husimuliwa mara nyingi kana kwamba mahali penyewe palikuwa pori tupu lisilo na mwenyewe. Ukimya wa pori hilo ulikuwa na sababu zake.

Mwaka 1907 Eberhard Fraas, mtaalamu wa visukuku kutoka Stuttgart aliyekuwa ziarani katika koloni, alipelekwa Tendaguru. Alikuwa akiugua tumbo la kuhara damu, lakini alichimba kwa muda mfupi na kuondoka na mifupa ya kutosha kuthibitisha kwamba huko kulikuwa na hazina. Mwaka 1908 alitangaza aina mbili mpya na kuzipa jina la Gigantosaurus. Jina hilo lilikuwa limekwisha kutumika Uingereza kwa mnyama mwingine, na kwa kanuni za sayansi halikuweza kudumu.

Berlin iliposikia, haikutaka kubaki nyuma. Wakati huo makumbusho ya Marekani yalikuwa yakijaza kumbi zao mijusi kutoka Colorado, Utah na Wyoming, na kuwa na mjusi mkubwa lilikuwa jambo la fahari ya taifa. Wilhelm von Branca, mkuu wa taasisi ya jiolojia na visukuku ya Berlin, alichangisha fedha kwa matajiri, vyama vya wasomi na serikali. Utawala wa koloni nao ukatangaza eneo la Tendaguru kuwa ardhi ya dola, ili mtu mwingine asidai kilichomo. Msafara ulifika Lindi mwaka 1909 ukiongozwa na Werner Janensch, akisaidiwa na Edwin Hennig. Mwaka 1912 Hans Reck alishika usimamizi, akiwa na mkewe Ina, na kazi ilifungwa mwanzoni mwa 1913.

Wazungu waliokuwapo kilimani kwa wakati mmoja walikuwa wachache, mara nyingi wawili tu, na machimbo yaliyokuwa wazi yalikuwa mengi, mengine yakiwa mbali na kambi kwa mwendo wa saa kadhaa. Kwa hiyo kazi yenyewe ilikuwa mikononi mwa Waafrika. Mwaka wa kwanza waliajiriwa watu wapatao 170, uliofuata 400, na baadaye karibu 500. Wengi walikuja na wake na watoto, na chini ya kilima kikazaliwa kijiji chenye vibanda vingi. Maji yalikuwa shida kubwa wakati wa kiangazi na yalifuatwa mbali.

Mnyapara mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Yeye na wanyapara wenzake walisimamia machimbo kila mmoja na kundi lake, wakajifunza kutofautisha mfupa na jiwe kwa kuangalia rangi na chembechembe, kufuata mfupa unapoelekea ardhini, na kuusafisha bila kuuvunja. Kusafisha huko ndiko kugumu. Kisukuku kilicholala ardhini kwa mamilioni ya miaka huwa na nyufa kila upande, na kikipigwa na jua baada ya kufunuliwa hupasuka zaidi. Mchimbaji alianza na jembe na sururu kuondoa udongo wa juu, akahamia kwenye kisu na patasi ndogo, na alipoufikia mfupa wenyewe alitumia burashi. Nyufa zilinyweshwa gundi. Mifupa mikubwa ilivikwa nguo iliyolowekwa plasta, na plasta ilipoadimika ukatumika udongo. Kisha vipande vya mianzi vilipangwa kuzunguka mzigo wote na kukazwa kwa kamba hadi ukawa bomba gumu linaloweza kubebwa begani bila mfupa kutikisika ndani. Mianzi ilipatikana papo hapo, haikugharimu kitu, na ilivumilia safari kuliko mbao nyingi.

Safari yenyewe ilikuwa ya miguu. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, na reli haikuwapo, hivyo kila kipande kilibebwa na watu hadi Lindi, mwendo wa siku tatu au nne. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kilo 30 hivi. Mfupa usioweza kukatwa ulifungwa kwenye miti na kubebwa na watu kadhaa kwa pamoja, wakipokezana kwenye miinuko. Katika misimu ya mwanzo peke yake mizigo ilifika maelfu. Bandarini Lindi mizigo ilipangwa kwenye masanduku na kupakiwa melini kuelekea Hamburg. Jumla ya kilichopelekwa Ujerumani kwa miaka minne ilizidi tani 200. Hesabu hiyo ya tani hupatikana katika kila kitabu kinachoitaja Tendaguru, lakini ni vichache vinavyoonyesha kwamba karibu yote ilipita juu ya mabega ya watu.

Berlin, kazi ya kufungua mizigo ilichukua miaka mingi kuliko ya kuchimba. Pingili moja ya shingo ilikuja ikiwa vipande kwa makumi na kudai mamia ya saa za fundi ili kuunganishwa. Mwaka 1914 Janensch alitangaza kwamba mjusi mkubwa kuliko wote wa Tendaguru ni wa jamii ya Brachiosaurus, jenasi iliyopewa jina na Elmer Riggs mwaka 1903 kutokana na mifupa ya Colorado. Wa Lindi akamwita Brachiosaurus brancai, kwa heshima ya bosi wake Branca. Mijusi wengine walipata majina kwa mtindo huohuo. Mmoja alibeba jina la Sattler, na mwingine, Dysalotosaurus, akapewa la Lettow-Vorbeck, jenerali aliyeongoza vita vya Wajerumani Afrika Mashariki hadi mwaka 1918.

Kuhusu maumbile, Brachiosaurus wa Tendaguru ni kiumbe wa ajabu hata kati ya majitu wenzake. Mijusi wengi wenye shingo ndefu wana miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele. Huyu ni kinyume. Mfupa wa juu wa mguu wake wa mbele una urefu wa sentimita 213, mrefu kuliko mtu mzima, na mgongo unashuka kuelekea mkiani kama wa twiga. Shingo ilikuwa na pingili 13, kila moja ikiwa na vyumba vya hewa ndani, na hivyo nyepesi kuliko inavyoonekana. Matundu ya pua yako juu ya fuvu, na kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba mnyama huyo aliishi ndani ya maji yenye kina kirefu akitoa pua tu nje. Mwaka 1951 Kenneth Kermack alionyesha kwamba mgandamizo wa maji kwa kina hicho usingeruhusu mapafu kujaa hewa. Tangu hapo mjusi ametoka majini na kurudishwa nchi kavu, anakula majani ya vileleni.

Uzito wake umekuwa mada ya ubishi zaidi. Mwaka 1962 Edwin Colbert alitumia sanamu ndogo na kupata tani 78, na kwa miaka mingi Brachiosaurus alitajwa katika vitabu vya shule kuwa mnyama mzito kuliko wote waliowahi kutembea juu ya ardhi. Mwaka 1980 watafiti wengine walipata tani 15 tu. Makadirio ya karibuni mengi yako kati ya tani 23 na 40. Taji la uzito lilihamia Argentina, kwa Argentinosaurus aliyetangazwa mwaka 1993. Jina nalo limebadilika: Gregory Paul alipendekeza mwaka 1988 kwamba mjusi wa Afrika atengwe na yule wa Colorado, na mwaka 2009 Michael Taylor alilinganisha mifupa yao na kuonyesha kwamba tofauti zinatosha. Jina linalotumika sasa ni Giraffatitan, yaani twiga jitu.

Rekodi iliyobaki ni ya kimo, na hiyo inahitaji kusomwa kwa makini. Kiunzi kilichosimamishwa Berlin mwaka 1937, katika ukumbi uliopambwa kwa bendera za utawala wa Hitler, hakikutoka kwa mnyama mmoja. Sehemu kubwa ni ya mjusi mmoja aliyechimbwa karibu na kilima, lakini mapengo yalijazwa kwa mifupa ya wenzake. Pingili za shingo na mgongo zilikuwa nzito na dhaifu mno kutundikwa, kwa hiyo zilizowekwa ni za kuigiza. Wakati wa vita vya pili vya dunia kiunzi kilishushwa na kufichwa chini ya jengo, kikasimamishwa tena mwaka 1953. Kilipofumuliwa upya na kukamilishwa mwaka 2007, miguu ya mbele iliyokuwa imetanuka kama ya mamba ilinyooshwa, na kimo kikaongezeka. Mjusi aliyekufa zamani hizo alirefushwa na mafundi wa karne ya 21.

Tendaguru haikutoa majitu tu. Kentrosaurus alikuwa na vibao mgongoni kwa mbele na miiba mirefu kuanzia kiunoni hadi mkiani. Dicraeosaurus alikuwa wa jamii ya wenye shingo ndefu, lakini ya kwake ilikuwa fupi. Elaphrosaurus alikuwa mwembamba, mkimbiaji. Dysalotosaurus, mla majani mdogo, alikutwa kwa maelfu ya mifupa katika eneo la Kindope. Kuna pia taya la mamalia mdogo mno, Brancatherulum, lililoelezwa mwaka 1927.

Baada ya Ujerumani kunyang'anywa koloni, makumbusho ya London ilituma misafara kati ya 1924 na 1931. Wa kwanza uliongozwa na William Cutler, akisaidiwa na kijana Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete aliyekijua Kiswahili. Boheti bin Amrani aliajiriwa tena, kwa kuwa ndiye aliyejua machimbo yalipo. Cutler alikufa kwa malaria Lindi mwaka 1925, fedha zikapungua, na mengi yaliyopelekwa London hayakuchapishwa kwa miongo mingi.

Majina ya wachimbaji yaliingia katika orodha za sayansi kwa kuchelewa. Mwaka 2007 Kristian Remes alitangaza mjusi mpya kutokana na pingili zilizokuwa Berlin tangu enzi za Janensch, akamwita Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei, jina linalowataja Wamwera pamoja na Mohammadi Keranje, aliyesimamia uchimbaji wa mifupa hiyo. Katika ghala la Berlin bado yapo mabomba ya mianzi ambayo hayajafunguliwa.

Watafiti wa Kijerumani na Kitanzania walirudi kilimani pamoja mwaka 2000, safari hii wakitazama zaidi matabaka ya mawe na viumbe wadogo. Tanzania, suala la mjusi limeulizwa bungeni mara kadhaa: arudishwe, au Ujerumani ilipe sehemu ya mapato ya viingilio? Serikali imekuwa ikiegemea ushirikiano wa utafiti, mafunzo na uendelezaji wa Tendaguru kama kivutio cha utalii, ikitaja ugumu na gharama za kusafirisha na kutunza mifupa. Wanaopinga hoja hiyo hujibu kwamba mifupa hiyohiyo iliwahi kusafirishwa ikiwa imefungwa kwa mianzi.