Leti Arts

Leti Arts ni studio huru ya gemu iliyoanzishwa mwaka 2009 na Mghana Eyram Tawia pamoja na Mkenya Wesley Kirinya, ikafanya kazi Accra na Nairobi. Wote wawili walikuwa na kazi mkononi tayari. Tawia alishatengeneza Sword of Sygos alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na mwaka 2007 Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya kompyuta ambayo ndani yake mwanamke anasaka vitu vya kale vya Afrika. Nyangi inastahili heshima yake yote, lakini ilidai kompyuta, na kompyuta nyumbani ilikuwa ya wachache. Studio mpya iliegemea simu, na uamuzi huo ndio uliokuja kuipa umri mrefu.

Wapo wanaouona uamuzi huo kuwa ni kushusha kiwango, na hoja yao si nyepesi. Kiro'o Games ya Kamerun ilitoa Aurion mwaka 2016 kwa ajili ya kompyuta, ikauzwa dunia nzima kupitia duka la mtandaoni la Steam. Lakini soko hilo linamwacha nje kijana wa Makoongwe, kisiwa kidogo kilicho mkabala na Mkoani, Pemba. Kuipata Aurion kunataka kompyuta, kadi ya benki na bando la kupakulia mafaili mazito, ilhali gemu ya simu inaingia katika kifaa kilichomo mfukoni. Kiro'o wenyewe baadaye wakatoa gemu ya simu, Le Responsable Mboa, na hapo naona ushahidi mzito kuliko maneno ya mtetezi yeyote.

Pingamizi kubwa zaidi ni la fedha: gemu za simu huuzwa kwa senti, kwa hiyo Leti Arts ilipokea kazi za kuagizwa, zikiwamo gemu za elimu ya afya. Je, studio hiyo bado ni huru? Ni huru, maadamu kazi ya mteja inalipia kazi za studio yenyewe. Africa's Legends, gemu yenye mashujaa kama Ananse na Shaka, haikuagizwa na mteja. Wala Karmzah, kitabu cha katuni cha mwaka 2018 walichokibuni na Farida Bedwei, mhandisi wa programu anayeishi na utindio wa ubongo: shujaa wake naye ana hali hiyohiyo, na nguvu zake zinatoka kwenye magongo anayotembelea.