Endothelia: bitana inayofunguka

Mshipa wa damu, uwe mpana kama aota au mwembamba kama kapilari, umetandikwa kwa ndani safu moja ya seli bapa zilizoshikana ubavu kwa ubavu. Mwaka 1865 Wilhelm His, mwanaanatomia wa Basel, aliipa safu hiyo jina la endothelia. Jina lenyewe ni la ajabu: endo ni ndani, na thele, kwa Kigiriki, ni chuchu! Limeigwa kutoka epithelia, neno lililoanzia kwenye ngozi laini ya chuchu.

Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tumezoea kusema utando wa ndani wa mshipa. Lakini utando ni jina pia la kile kinachoizunguka kila seli, na bakteria wa nimonia hutoboa huo wa seli ili safu nzima ivuje. Msomaji atajuaje ni upi? Ukuta wa mshipa haufai, maana kuta za mishipa mingi zina misuli, na kapilari haina. Bitana ningeichagua kwa moyo mmoja, kwani kila mteja wa fundi cherehani anaijua. Ila bitana ya koti haifunguki yenyewe.

Endothelia hufunguka. Bakteria Streptococcus pneumoniae akipasuka humwaga sumu iitwayo pneumolisini. Sumu hiyo hunasa kwenye kolesteroli ya utando wa seli, molekuli zake hujipanga duara, na tundu hutokea. Kalsiamu huingia kwa wingi. Sumu ikiwa nyingi, seli hufa. Ikiwa kidogo, seli hubaki hai lakini nyuzi zake za aktini na miosini hukazana, nayo hujikunyata mpaka protini za kadherini zinazoifunga na jirani yake zinaachia. Plazima hupita katika pengo hilo. Kwenye pafu safari yake ni fupi mno: sehemu nyingi, umbali kati ya damu na hewa haufiki mikroni moja. Viribahewa hujaa maji, na mgonjwa hukosa oksijeni huku kifua kikipanda na kushuka kwa kasi.

(Penisilini nayo huwapasua bakteria hao na kuiachia sumu. Si sababu ya kuacha dozi. Bakteria wakiachwa, huzaliana na kuimwaga zaidi.)

Klebsiella, bakteria mwingine wa nimonia, hupita njia nyingine. Lipopolisakaridi ya ganda lake huiamsha endothelia yenyewe, ikatoa vishikizo vya kunasa chembe nyeupe za damu, na vimeng'enya vya chembe hizo huila safu iliyoziita.

Basi naandika endothelia, na bitana naiweka katika maelezo ya mara ya kwanza tu. Kitenzi ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi. Kuharibika kunachanganya mambo mawili: kufunguka na kufa. Endothelia iliyofunguka inaweza kujifunga tena sumu ikiisha. Iliyokufa husubiri seli za jirani zigawanyike na kujaza nafasi, na muda wote huo pafu linavuja.